Kuzitazama Nyota si Kupiga Ramli



Usiku mmoja wa kiangazi, baada ya swala ya Isha, tulikuwa tumekaa mikekani katika uwanja wa madrasa hapa Nachingwea. Taa zimezimwa kwa makusudi, vijana kumi na wawili wameinua nyuso zao juu, na darubini moja ya macho mawili inapita mkono kwa mkono. Akapita mzee mmoja wa msikiti wetu, mtu tunayemheshimu na ambaye hakosekani safu ya kwanza. Akasimama, akatutazama kwa muda, kisha akasema: "Maalim, na nyinyi mmeanza kupiga ramli?" Hakuwa anatania. Vijana walicheka, sisi hatukucheka, kwani swali lile lilikuwa la haki na lilistahiki jibu refu kuliko lile tulilompa palepale. Makala haya ndiyo jibu lenyewe.

Mzee ana sababu zake. Mtu akitoka stendi, iwe ya Nachingwea au ya Ruangwa, hukutana na vibao vilivyopigiliwa misumari kwenye miembe na nguzo za umeme: mganga fulani anasafisha nyota, anarudisha mke aliyeondoka, anavuta wateja dukani, na namba ya simu chini yake. Ufuta na korosho vikishauzwa na fedha kuingia mikononi mwa watu, vibao navyo huongezeka. Neno "nyota" katika vinywa vya watu wetu limekuwa jina la bahati, mtu huambiwa nyota yake imefifia kama vile taa ya kandili. Basi Mwislamu akiambiwa kuwa watu wa madrasa wanakaa usiku kuangalia nyota, atadhani nini? Sisi wenyewe, kwa miaka mingi, tumesimama juu ya mimbari kuupiga vita unajimu wa aina hii, na tulikuwa sahihi, na hatutaacha. Lakini tulipoufunga mlango wa mganga tulifunga na dirisha, tukabaki gizani pamoja naye.

Wanazuoni wetu hawakufanya hivyo. Walizigawa elimu za nyota mafungu mawili. La kwanza waliliita ilmut-ta'thiir, yaani kudai kuwa nyota zina athari katika riziki, ndoa, vifo na vita. Hili ni haramu na lina sura ya shirki, na juu yake zimekuja hadithi za makemeo makali, ikiwamo ile ya Hudaybiyya kuhusu wanaoinasibisha mvua na nyota. La pili ni ilmut-tasyiir, yaani kujua mwendo wa nyota, jua na mwezi ili mtu ajue kibla, nyakati na njia. Ibn Rajab (rahimahullah) ameieleza tofauti hii waziwazi katika kitabu chake kidogo cha kulinganisha elimu ya waliotangulia na elimu ya waliokuja baada yao. Hata katika Kitaabut-Tawhiid, ambacho vijana wetu wanakihifadhi, mlango wa tanjiim unataja kuwa Qatada alichukia kujifunza vituo vya mwezi, na kwamba Imam Ahmad na Is-haaq waliruhusu. Hapa tunajilaumu wenyewe kabla ya kumlaumu mwingine: tuliusomesha mlango huu mwaka baada ya mwaka, tukawa tunasimama kwenye makatazo na kuipita ruhusa kwa haraka.

Tulijuaje kuwa tumepungukiwa? Kwa aibu, ndugu msomaji. Tulipokuwa masomoni Khartoum tulisoma katika vitabu vya fiqhi namna ya kuitafuta kibla kwa nyota. Nyota inayotajwa sana ni al-Judayy, iliyotulia upande wa kaskazini hali nyingine zote zinazunguka. Manahodha wa pwani yetu waliijua, na ndiyo asili ya neno "jaa" wanalolitumia kwa upande wa kaskazini, kama ambavyo "suheli" ni nyota ya kusini na ni kusini yenyewe. Tulizisoma ibara hizo, tukazifanyia mtihani, tukafaulu. Tuliporudi nyumbani, mwanafunzi mmoja akatuuliza: "Maalim, al-Judayy ni ipi?" Tukatoka naye nje, tukamwonyesha nyota moja iliyokuwa chini upande wa kaskazini. Haikuwa yenyewe. Wala haikuwezekana kuwa yenyewe, kwa sababu Nachingwea iko kusini ya ikweta kwa digrii kumi na kidogo, na nyota ile kwetu iko chini ya upeo wa macho kwa kiasi hicho hicho. Vitabu vile viliandikwa na watu wa Baghdad, Damascus na Cairo, wakiwaandikia watu wa kwao. Aliyetusahihisha alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari, tena asiyekuwa Mwislamu, na alitusahihisha kwa adabu kubwa.

Katika hilo nalo tuliulizwa: vipi mnachukua mambo ya dini kwa asiyekuwa wa dini? Tukajibu kuwa Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra, safari nzito kuliko zote, alimkodi Abdullah bin Urayqit awe kiongozi wa njia, na mtu huyo alikuwa bado katika dini ya Makuraishi. Hatukuchukua kwa mwalimu yule halali na haramu. Tulichukua kwake mahali ilipo nyota.

Tangu hapo likaanza hili kundi letu. Halina jina, halina katiba wala mhuri. Ni vijana wa madrasa, waalimu wawili watatu, fundi baiskeli mmoja mwenye macho makali kuliko wote, na ndugu kadhaa wanaopanda pikipiki kutoka Ruangwa mara moja kwa mwezi, usiku usio na mwezi. Namungo inapocheza Ruangwa hatuwangojei, tunajua hawaji. Tumejaaliwa neema ambayo watu wa Dar es Salaam hawanayo, nayo ni giza. Kuna nyakati tunalalamika kuwa mji wetu umeachwa nyuma, lakini usiku wa mwezi wa Julai, kusi likiwa limetulia, njia nyeupe ya nyota hupita juu ya vichwa vyetu kutoka pembe hadi pembe, na mtu wa mjini angelipa nauli kuja kuiona.

Kwa darubini ile ya mtumba tumeiona miezi minne ya Mushtari ikiwa kama punje za mchele zilizopangwa mstari, na kesho yake imebadilisha mahali. Tumeona Zuhura ikiwa na umbo la mwezi mwandamo. Mwezi wa Oktoba na Novemba, chini upande wa kaskazini, wenye macho mazuri huona bila ya darubini kijiwingu kidogo kisichosogea, ambacho Abdur-Rahman as-Suufi alikitaja katika kitabu chake cha maumbo ya nyota karne ya 10. Leo inajulikana kuwa ni mkusanyiko wa nyota usiohesabika, ulio mbali mno na huu wetu. Vijana hufurahi zaidi wanapoambiwa kuwa nyota nyingi ambazo wataalamu wa Ulaya na Marekani wanaziita kwa majina yao ya kigeni, majina hayo ni Kiarabu kilichochakaa: Altair ni at-Taair, Aldebaran ni ad-Dabaraan, Fomalhaut ni Famul-Huut, kinywa cha samaki. Na wakulima wetu nao hawakukosa lao. Kilimia, ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, kimepewa jina kwa sababu ya kulima.

Sasa tuje kwenye yanayoigusa misikiti yetu moja kwa moja.

La kwanza ni kibla. Hesabu inaonyesha kuwa kibla cha Nachingwea na cha Ruangwa ni kaskazini halisi, kwa kupinda kuelekea mashariki chini ya digrii mbili. Ni kibla chepesi kuliko vya watu wengi duniani, na bado tunakikosea. Misikiti mingi ya vijijini ilielekezwa kwa kufuata barabara, au kwa kukisia machweo, na siku hizi kwa simu ya mkononi iliyowekwa juu ya nondo za msingi, na chuma huivuta sindano. Hata dira iliyo nzima haielekei kaskazini halisi, kwetu hupotoka digrii chache upande wa magharibi. Lakini Allah (s.w.) ametupa kipimo kisichohitaji chombo. Kila mwaka tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana, jua huwa juu ya Kaaba sawasawa (mwaka mrefu ni siku moja kabla). Saa ya Tanzania na saa ya Makka ni moja, kwa hiyo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Simamisha fimbo iliyonyooka mahali penye jua, angalia kivuli. Upande kivuli kinakotoka, kuelekea kwenye fimbo, ndiko kibla.

Tulilifanya hili katika kijiji kimoja wilaya ya Ruangwa, na kivuli kikaonyesha kuwa mihrabu imepinda kwa kiasi ambacho hata mtoto alikiona. Pakawa na ukimya mzito. Kisha kijana mmoja wa kundi letu akasema kwa sauti kuwa swala za miaka ishirini zimepotea. Hilo ni kosa, na tulimkemea mbele ya watu kwa kuwa alilisema mbele ya watu. Waliojenga walijitahidi, na aliyejitahidi kwa kadiri ya uwezo wake swala yake ni sahihi. Isitoshe, Mtume (s.a.w.) aliwafundisha watu wa Madina kuwa baina ya mashariki na magharibi ni kibla, kwa sababu Makka kwao ni kusini. Sisi ni kinyume chao, Makka kwetu ni kaskazini, na wasaa huo huo unatufaa. Msikiti haukuvunjwa. Zilipigwa alama mpya sakafuni na safu zikapinda kidogo. Wazee wawili hawakuridhika wakawa wanaswali nyumbani kwa wiki kadhaa, kisha wakarudi. Tunayataja haya ili anayetaka kupima msikiti wa watu aanze kwa kukaa na wazee wake kwanza, kabla ya kuchukua fimbo.

La pili ni nyakati, na hapa ndipo tunapoogopa zaidi. Wengi wetu hufuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam. Dar iko kaskazini na mashariki yetu, na jua halituchwei pamoja. Mwezi Juni Nachingwea hutangulia kuchwa kwa kama dakika nne. Mwezi Disemba huchelewa kwa kama dakika nane. Ramadhani inapoangukia Februari na Machi, kama ilivyokuwa katika miaka hii ya karibuni, jua letu huchwa dakika tatu hadi tano baada ya la Dar. Maana yake ni kuwa anayetia tende mdomoni kwa adhana ya redio anakula mchana. Na Ramadhani inazidi kurudi nyuma kuelekea Disemba, hivyo tofauti itazidi kupanuka. Tulipolisema hili msikitini, ndugu mmoja alituambia tusiwatie watu wasiwasi. Tunamheshimu, lakini wasiwasi ni shaka isiyo na msingi, na jua linaloonekana juu ya mikorosho si shaka. Atoke nje alitazame.

Vivyo hivyo kwa adhuhuri. Wapo wanaoamini kuwa jua hupinduka saa sita kamili mwaka mzima. Kwetu, mwanzoni mwa Novemba hupinduka kama saa 6 na dakika 8, na katikati ya Februari kama saa 6 na dakika 39. Zamani misikiti mikubwa ilikuwa na mtu maalumu wa kazi hii, anayeitwa muwaqqit. Ibnu Shaatir, ambaye hesabu zake za mwendo wa sayari zinasomwa mpaka leo, alikuwa muwaqqit wa msikiti mkuu wa Damascus katika karne ya 14. Mshahara wake ulitoka msikitini. Sisi leo tunachangia vipaza sauti vya kutangazia wakati ambao hatujui umetoka wapi.

La tatu ni hilali. Hatuingii hapa katika mjadala wa mwezi wa nchi na mwezi wa ulimwengu, una mahali pake na wenyewe. Hatusemi pia kwamba hesabu ichukue nafasi ya jicho, kwani maandiko yamefunga saumu na kuonekana kwa mwezi. Tunasema jicho nalo lifundishwe. Tazameni mfano wa Alhamisi tarehe 1 Septemba 2016. Siku hiyo jua lilipatwa, na mahali ambapo kupatwa kulifikia kilele chake duniani kote palikuwa kusini mwa Tanzania hapa hapa, kilomita mia moja na kidogo kutoka Nachingwea, mnamo saa 6 na dakika 7 mchana. Kupatwa kwa jua ni mwezi kupita mbele ya jua. Kwa hiyo kila aliyekuwa hai kusini mwa Tanzania aliona kwa macho yake, mchana kweupe, mahali mwezi ulipo. Jioni yake, jua linachwa, mwezi ule ulikuwa na umri wa saa sita tu, wakati macho matupu yaliyohakikiwa hayajapata kuuona ukiwa chini ya saa kumi na tano hivi. Lau mtu angekuja jioni ile na kuapa kuwa ameiona hilali ya Mfunguo Tatu, tungempokea? Taqiyyud-Diin as-Subki, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 756 Hijria, aliona kuwa ushahidi wa kuona kile ambacho hesabu ya yakini inakikanusha haukubaliwi. Wako waliompinga, na hoja zao tunazijua. Lakini hata anayempinga hawezi kukataa kumwuliza shahidi maswali: uliuona kulia au kushoto mwa mahali jua lilipozama? Juu kiasi gani? Pembe zake zilielekea wapi? Katika ardhi yetu hilali mara nyingi hulala chali kama mtumbwi, na pembe zake hazielekei jua kamwe.

Hupokewa katika vitabu vya tarehe kuwa Anas bin Malik (r.a.), akiwa mtu mzima sana, alitoka na watu kutafuta mwezi, akasema anauona, na hakuna mwingine aliyeuona. Kadhi Iyaas bin Mu'awiya akamtazama, akaona unywele mweupe wa nyusi umeining'inia mbele ya jicho lake. Akaulaza kwa upole, kisha akamwuliza: na sasa? Akasema hauoni tena. Kadhi hakumwita Sahaba wa Mtume mwongo. Aliuondoa unywele.

Tulisema kuhusu mwaka 2016, na lipo moja lililobaki moyoni. Wataalamu, akiwamo Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, waliutangazia umma mapema, na umati ulikusanyika Rujewa, Mbarali, kuona pete ya jua. Huku kwetu jua halikuwa pete ila lilibaki ukucha. Tulikuwa nyumbani kwa likizo. Chini ya mkorosho, kila tundu dogo la mwanga baina ya majani lilikuwa limegeuka mwezi mwandamo, mamia yake yametawanyika mchangani, na watoto wakiyakanyaga kwa furaha. Wakubwa wengi walijifungia ndani. Na swala ya kupatwa, ambayo Mtume (s.a.w.) aliisimamisha siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, na akakanusha kuwa jua hupatwa kwa kifo cha yeyote, katika msikiti tuliokuwamo haikuswaliwa. Hakuna aliyenadi. Sisi tuliokuwa na shahada mkononi tulikuwa nje, chini ya mkorosho, tunashangaa.

Allah (s.w.) alitupa nafasi nyingine. Usiku wa Jumapili tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2 na nusu usiku hadi saa 4 kasoro dakika 8. Mara hii tulikuwa tumetangaza tangu Ijumaa. Baada ya Isha pakanadiwa, tukaswali rakaa mbili zenye rukuu mbili mbili, kwa kisomo kirefu, na mwezi nje umekuwa rangi ya shaba. Tulipotoka, tukakaa mikekani mpaka nuru ikarudi upande mmoja wa mwezi. Kinamama walikuwa wamekuja na mabinti zao, na tangu siku ile mabinti wa madrasa wametaka zamu yao na darubini. Tumewapa saa moja baada ya Magharibi, pamoja na mama zao, na kwa kweli wanazishika nyota upesi kuliko kaka zao.

Yule mzee wetu naye alikuwapo. Aliomba darubini, akaishika kwa mikono miwili, akakaa nayo kimya hadi vijana wakaanza kunong'ona. Kisha akauliza tarehe ya kivuli cha kibla, akataka aandikiwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Ana shaka na mihrabu ya msikiti aliojenga babu yake huko kijijini kwao, na anataka akaupime mwenyewe, kwa fimbo yake.